Kamera ya bi mkubwa yanitoa jasho Makoroboi

Mpenzi msomaji, kuna zawadi unazoweza kununua ukiwa umefumba macho. Kanga, kwa mfano. Unaingia dukani, unaangalia rangi, unasoma jina lisije likawa la kumsema mtu, unalipa, kwisha habari. Sukari kilo tano nayo haina maswali. Lakini jaribu kumnunulia mama yako kamera, tena zama hizi ambazo hata mkata tiketi wa daladala ana simu ya kupigia picha mfukoni, ndipo utakapojua maana ya kusumbuka mjini.

Mimi yamenikuta. Mwezi wa Agosti mwaka 2025 wazazi wangu walitimiza miaka 30 ya ndoa. Ndugu wanne tukakaa kikao kwa simu. Kaka mkubwa akabeba mbuzi wawili na soda. Dada akasema keki na sare ni juu yake. Mdogo wetu, ambaye bado yuko shule, akasema ataleta furaha. Nikabaki mimi. Kwa kuwa sikutaka kubahatisha, nikampigia bi mkubwa mwenyewe huko kijijini, wilaya ya Sengerema.

"Mama, unataka nikuletee nini?"

"Kamera."

"Yaani simu nzuri yenye kamera?"

"Mwanangu, nimesema kamera. Simu ni ya kupigia simu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikabidi na mimi ninyamaze, maana nilijua anakotoka.

Mwaka 2022 kaka aliwapelekea simu janja, kitu na boksi. Mzee ana vidole vya mtu aliyevuta nyavu na kushika jembe maisha yake yote, ngozi imekuwa ngumu kama kiatu. Anagusa skrini, skrini haimjibu. Akibonyeza kwa nguvu, inafunguka redio. Picha zake nyingi zilikuwa za ardhi, za mguu wake wa kushoto, na moja nzuri sana ya pua yake. Mama yeye alijitahidi. Alimpiga picha bibi, mama yake mzazi, katika miezi yake ya mwisho: bibi anachambua mchele, bibi anaota jua, bibi anamkaripia kuku. Bibi akafariki mwaka 2023. Miezi miwili baadaye, mama akiwa mwaloni ananunua dagaa, simu ikachomoka kwenye kanga ikatumbukia majini. Ilipotolewa ilikuwa imekufa. Fundi wa kwanza akashindwa, wa pili naye akashindwa. Picha hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote, na hakuna hata moja iliyokuwa imesafishwa kwenye karatasi.

Mama hakupiga kelele. Aliifunga ile simu kwenye kitambaa akaiweka sandukuni. Iko huko mpaka leo. Ukimuuliza kwa nini asiitupe, anakujibu taratibu, "Bibi yako yumo humo ndani."

Na hilo lilikuwa jeraha la pili, msomaji wangu. La kwanza ni la zamani kuliko mimi.

Sebuleni kwetu kuna picha ya harusi ya wazazi wangu, ya mwaka 1995. Mzee kavaa suti ya kuazima, mama kavaa shela, wamesimama na wapambe. Mwisho kabisa, upande wa kulia, kuna bega moja, mkono ulioshika ua, na nusu ya uso wa msichana anayecheka. Huyo ni mama mdogo. Mpiga picha alikuja na mkanda mmoja wa picha 36 kwa harusi nzima, na katika picha hiyo mama mdogo kakatwa nusu. Hakuna nyingine aliyotokea. Mwaka uliofuata alikwenda Bukoba kwenye biashara ya ndizi. Akarudi na meli ya MV Bukoba, ile iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, ikaua watu zaidi ya 800. Wengi wa marehemu walizikwa pale Igoma. Mama mdogo hakuonekana. Alikuwa na miaka 19.

Kwa hiyo bi mkubwa akisema anataka kamera, haombi fasheni. Nikajisemea, binti, hapa usilete mchezo.

Mfukoni nilikuwa na laki mbili na nusu, jasho la makala zangu hizi hizi mnazosoma. Nikaanzia kwenye duka lenye kiyoyozi, mahali ambapo hata mlinzi anakuangalia viatu kwanza. Kwenye kabati la kioo zimepangwa kamera kubwa, zile za lenzi za kubadilisha. Bei inaanzia milioni moja na kupanda. Nikauliza kamera ndogo, za kuweka kwenye mkoba. Kijana wa mauzo akaniangalia kama nimeulizia mashine ya taipu.

"Dada, hizo ziliisha siku nyingi. Watu wanatumia simu."

Hakukosea sana. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani kwenda sokoni zilipita milioni 120, na nyingi zilikuwa hizi ndogo. Mwaka 2023 zote kwa pamoja, kubwa kwa ndogo, hazikufika milioni 8. Simu imezila. Cha ajabu, kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa ndani ya Kodak, kampuni iliyokuwa ikiishi kwa kuuza mikanda. Mwaka 1975 injinia wao, Steven Sasson, aliunda dude la kilo tatu na nusu na ushee, linalochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Kodak wenyewe waliendelea kung'ang'ania mikanda, na Januari 2012 wakaomba mahakama iwakinge na wadai wao. Ndiyo dunia hiyo.

Nikatoka kwenye kiyoyozi nikateremka Makoroboi. Wenyeji wa Mwanza mnapajua. Pale hukosi kitu. Unapita kuulizia sindano unatoka na pazia. Machinga mmoja akaniwahi, "Dada'ngu, kamera kali hii hapa! Megapikseli 48! Video ya 4K! Kwako wewe elfu tisini tu." Boksi linang'aa, maandishi ya dhahabu, na kamkoba kake juu. Jina la kampuni sijawahi kulisikia, lakini namba 48 ikaniingia kichwani. Form four yangu ya hesabu haikuwa nzuri sana, ila najua 48 ni kubwa kuliko 12. Nikalipa.

Nikaenda nayo mpaka kule kando ya ziwa kwenye Jiwe la Bismarck, nikapiga picha tano. Jioni nikampelekea mshikaji wangu mmoja anayepiga picha za harusi, azifungue kwenye kompyuta. Jamani! Jiwe la Bismarck ambalo watalii wanavuka bahari kuja kuliona, lilikuwa kama bonge la ugali lililomwagiwa maji. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamekuuzia namba," akasema. "Jicho la ndani ya kamera hii ni dogo na dhaifu. Halafu programu yake inaitanua picha mpaka ifike hiyo 48. Ni kama kuongeza maji kwenye chai, kikombe kinajaa lakini chai haiongezeki."

Halafu akanipa somo ambalo nakugawia bure. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya inchi nne kwa sita, inahitaji megapikseli 2 hivi tu ili itoke safi. Kamera ya kweli yenye 10 au 12 inakutosha na inabaki. Zumu nayo usidanganywe. Ya kweli ni ile ya lenzi inayotoka na kuingia. Ile nyingine inakuza picha kwa ujanja wa ndani, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyoharibika.

Akaniuliza, "Wazazi wako watapigia picha wapi?"

"Nje. Shambani, mwaloni, uani."

"Basi tafuta yenye kitundu cha kuchungulia. Jua la ziwani likiwaka, ile skrini ya nyuma haionyeshi kitu, inakuwa kioo cha kujitazama. Wazee wa zamani wamezoea kuweka jicho kwenye kitundu. Lakini waambie hivi: kitundu siyo lenzi. Kiko pembeni kidogo, na kinaona kwa namna yake. Ukiwasogelea watu sana, unachokiona wewe sicho inachokiona lenzi. Ndiyo maana picha za zamani nyingi zina watu waliokatwa vichwa."

Nikakaa kimya. Mambo ya mama mdogo sikuwa nimemwambia. Nimeishi miaka yote nikimlaumu yule mpiga picha wa mwaka 1995 kwamba alikuwa mlevi, kumbe huenda mwenzetu aliwaona wote kwenye kitundu chake, hadi yule msichana wa mwisho mwenye ua, akabonyeza kwa moyo safi.

Kesho yake nikarudi Makoroboi. Tukabishana kidogo na yule machinga, akakubali kurudisha pesa ila akakata elfu kumi ya usumbufu. Usumbufu wa nani, sijui. Nikabaki na laki mbili na arobaini.

Yule mshikaji akanielekeza kwa fundi mmoja wa redio na simu, kibanda chake kiko njia ya kwenda Mlango Mmoja. Mzee wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akavuta droo, na ndani yake zimelala kamera ndogo kama saba za mtumba, kila moja na historia yake.

Ya kwanza ilikuwa Sony ya fedha, nzuri kuiangalia. Fundi akasema, "Hii haitumii kadi za kawaida, ina kadi yake yenyewe. Ukiipoteza utaisaka Mwanza nzima." Ya pili Olympus. "Hii nayo ina kadi inaitwa xD. Hazitengenezwi tena." Ya tatu ilikuwa ya zamani zaidi, yeye mwenyewe akaniambia haisomi kadi inayozidi gigabaiti 2, kwa hiyo nisijisumbue. Nikampenda yule mzee. Muuzaji anayekukataza kununua ni wa kushikilia.

Ya nne akaifuta na shati. Canon PowerShot A1200, ya mwaka 2011, megapikseli 12. Ina kitundu cha kuchungulia na vitufe vya kubonyeza vinavyosikika, tak, kwamba umebonyeza. Na betri zake ni mbili tu, zile ndogo za rimoti. Hapo ndipo nilipotulia. Kamera nyingi zina betri ya peke yake na chaja ya peke yake. Chaja ikipotea kijijini, kamera inakuwa pambo la kabati. Lakini betri za rimoti ziko kila duka mpaka kule kwetu. Fundi akanionya tu kwamba zile za bei chee, za kuwekea saa ya ukutani, zitapiga picha chache halafu zizime. Bora za alkalaini, na bora zaidi za kuchaji.

Nikaijaribu kama nilivyofundishwa. Kuwasha na kuzima mara tano nikisikiliza lenzi, maana ikikwaruza ujue imekula mchanga. Kupiga picha ukuta mweupe kuona kama kuna madoa. Kujaribu flashi na zumu. Kufungua na kufunga mfuniko wa betri, kwa sababu kamera za aina hii huvunjika kamlango hako kwanza, halafu mtu anatembea nayo imefungwa raba. Yote salama. Alisema laki na nusu, tukaelewana laki na ishirini. Kadi ya gigabaiti 16 elfu ishirini. Betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake, elfu thelathini na tano. Nikatenga elfu arobaini nyingine ya kusafisha picha, nikaapa kutoigusa hata kwa chipsi. Iliyobaki ni nauli.

Siku ya siku nikapanda basi. Zamani kwenda kwetu ilikuwa lazima upange foleni Kigongo usubiri pantoni ikuvushe mpaka Busisi, ukiwa na bahati unasubiri kidogo, ukikosa bahati unamaliza mahindi ya kuchoma matatu. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, lililozinduliwa Juni 2025. Dakika chache umeshavuka. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alifumba macho tangu mwanzo wa daraja mpaka mwisho. Sikumuuliza. Watu wa ziwa hili kila mmoja ana sababu zake.

Nyumbani nikamkuta mzee uani. "Mwangaluka, baba." Akaitikia, akanipokea mkoba. Baada ya chakula nikatoa zawadi.

Mzee akaigeuza geuza. "Mkanda unaingilia wapi?"

"Haina mkanda, baba. Ina kadi."

"Inakula picha ngapi?"

"Zaidi ya elfu tatu."

Mzee akashtuka. "Elfu tatu! Nani atazisafisha?"

Tulicheka wote, lakini msomaji, hebu litafakari swali la mzee. Wewe simu yako ina picha ngapi? Ngapi ziko kwenye karatasi? Mimi nilipojihesabu nilikuwa na elfu nne na mia kadhaa, na kwenye karatasi nina picha za pasipoti tu, zile za kuombea kazi.

Mama yeye hakuuliza kitu. Aliweka jicho kwenye kitundu, akafumba lingine, akazunguka nayo uani nzima bila kupiga. Halafu akaingia ndani akatoka na ile picha ya harusi. Akaiegemeza ukutani, kivulini, akaipiga. Akanipa niangalie.

"Siku hizi si kompyuta zinaweza kujazia?" akauliza. "Huo upande uliokatwa."

Nikamwambia ukweli. Zinaweza. Yule mshikaji wangu ana programu ambayo dakika moja tu inamchorea mama mdogo jicho la pili na shavu la pili, hata sikio na hereni.

"Itajuaje lilivyokuwa?"

"Haijui, mama. Inakisia."

Akafikiri. Akachukua kitambaa akafuta kioo cha fremu. "Basi aache. Huyo atakuwa mtu mwingine kavaa nguo za mdogo wangu. Nusu hii ni yake kweli."

Kesho yake ikawa sherehe. Baada ya ibada watu wakajaa uani, na kaka akaniambia nipige picha ya ukoo. Mama akakataa. Bibi harusi mwenyewe, kavaa kitenge kipya na shada shingoni, akakamata kamera akatupanga. Jua lilikuwa nyuma yetu, nikamkumbusha awashe flashi hata kama ni mchana, la sivyo ziwa litaonekana na sisi tutakuwa vivuli. Akawasha. Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi nyingine.

"Wewe wa mwisho, ingia ndani! Na wewe! Sogea!"

Akapiga. Halafu hakutuachia. Alisimama pale pale, akakinga skrini na kiganja, akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Tulikuwa 31. Kidole kilipofika pembeni kabisa kulia, alipokuwa amesimama mdogo wetu, kikakaa hapo kwa muda.

"Wapo wote," akasema.

Akampa mzee kamera, akaja kusimama ili naye apigwe. Mzee akakata vichwa vya watu watatu. Mama akamrudisha. "Baba, rudi nyuma. Rudi tena." Safari hii akapata. Mzee akapiga makofi mwenyewe.

Nimesafisha picha arobaini, nimezipeleka kwenye albamu ya plastiki. Bibi hayumo, na hilo haliwezi kurekebishwa. Mama akinipigia siku hizi haulizi nimekula nini, ananiambia betri zinachajije na kuku gani kampiga picha. Nikimaliza kumsikiliza ananiambia, "Wabheja, mwanone," nami najiona kama nimejenga ghorofa.

Kama nawe wazazi wako wanataka kamera, usitishike na bei wala usilevywe na namba za kwenye boksi. Angalia vidole vyao, angalia macho yao, angalia betri zinazouzwa duka la jirani yao. Halafu tenga hela ya karatasi kabla hujanunua chochote. Kwa leo naishia hapa. Nina picha elfu nne za kuchambua.